Watoto zaidi ya 90, simu moja: teknolojia nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu hapa Morogoro, nategemea kufundisha darasa la kwanza au la pili. Chuoni ni TEHAMA TEHAMA, na mi naipenda kweli, watoto wa dada yangu wakiangalia Ubongo Kids kwenye tivii wanahesabu wenyewe bila kulazimishwa na mtu. Ila kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha, nimepelekwa shule yenye watoto zaidi ya 90 darasa moja, umeme uko ofisini kwa mwalimu mkuu tu, nilichonacho ni simu yangu. Sitaki kuwa mwalimu wa chaki peke yake, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hofu yako naielewa, ila hiyo simu anza kuitumia kuwasikiliza watoto, kuwaonyesha vitu kutakuja baadae.

Nikwambie jambo la Tanga. Yalikuwepo mashindano ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, yanaitwa Global Learning XPRIZE, wakagawa vishikwambi (tablet) kwa watoto wa vijiji kama 170 mkoani humo, chaji ya sola, programu zote za Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 ya wale watoto walianza hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ikapungua nusu, na mwaka 2019 ushindi wakagawana timu mbili, onebillion na Kitkit School. Mi nafurahi kweli nikiikumbuka hiyo habari, lakini angalia kilichofanya kazi pale, kila mtoto alikuwa na chake mkononi, anabonyeza, anakosea, anarudia mpaka aelewe ndo anasogea mbele. Sasa wewe simu moja mbele ya watoto 90 hiyo ni sinema tu, wa nyuma hata hawaoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Wakati wenzao wanaandika au wanahesabu vizibo kwenye vikundi, ita watoto watatu wanne, kila mmoja asome mistari miwili na wewe umrekodi kwa simu, ile rekoda imo humohumo wala haili bando. Jioni sikiliza taratibu, hapo utamjua anayesoma "ngombe" badala ya "ng'ombe", anayechanganya r na l, na yule aliyekariri ukurasa mzima kwa kuangalia picha, maana huyo darasani wakiitikia kwa pamoja huwezi kumgundua hata kidogo! Kesho yake unapanga vikundi kwa ulichokisikia, na hapo chaki yako na kadi za silabi zinafanya kazi mara mbili. Mi kwangu hiyo ndo TEHAMA hasa.

Picha na video siyo mbaya, spika ndogo ya bluetooth ukiipata tumia kwa hadithi na nyimbo, sauti inafika mpaka nyuma.

Halafu ukiripoti kazini ulizia vishikwambi, vile vya sensa ya 2022 serikali iligawa kwa walimu, usikubali kikae kabatini. Na rekodi za watoto usizitume kwenye grupu lolote la WhatsApp hata kama mtoto amesoma vizuri vipi, mwambie mwalimu mkuu na wazazi unachofanya, ukishamaliza kusikiliza futa.