Maswali ya Waandishi: Mlango wa siri Songo Mnara

SWALI: Naandika riwaya ya kusisimua. Wanaakiolojia watatu wanafukua magofu ya kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa. Siku ya kwanza tu mmoja anaokota sarafu ya dhahabu, anabonyeza jiwe ukutani, na mlango wa siri unafunguka kwenye ukumbi mkubwa. Waliosoma rasimu wanasema haiaminiki. Nimekosea wapi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Ukumbi ndio uliokuponza. Nyumba za Songo Mnara ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haziruhusu chumba kupanuka sana kupita mita 3, hata kikiwa kirefu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, hadi cha ndani kabisa kisicho na dirisha. Giza hilo linatosha kutisha. Ukitaka maficho, tumia shimo la choo au kisima kilichofukiwa.

Sarafu ifanye ya shaba, yenye kutu ya kijani, isiyosomeka mpaka isafishwe. Za dhahabu za Kilwa ni adimu mno. Wala asiichomoe hapo hapo. Apime kina chake na umbali kutoka kwenye kamba za mraba, apige picha, aandike namba ya tabaka, kisha aitie kwenye mfuko wenye lebo. Sarafu isiyojulikana ilikotoka haithibitishi kitu tena, na hapo mhalifu wako ana la kufanya: abadilishe lebo mbili tu.

Siku ya kwanza ni ya kufyeka na kupiga kamba, tuseme mita 2 kwa 2. Kisha udongo hushuka kwa mwiko, sentimita 10 kila hatua pale tabaka zisipojionyesha, na kila ndoo hupita kwenye chekeche.

Fumbo zuri zaidi unalo bure: kaa. Kaa wa nchi kavu huchimba mashimo, na kigae cha kaure ya China huporomoka hadi tabaka la zamani zaidi. Kijana wa kikosi atashangilia kwamba historia imebadilika. Mzoefu atakwangua ukuta wa shimo na kuonyesha doa la mviringo, udongo wake mlaini kama wa juu. Mkaa uliotumbukia humo nao utadanganya maabara. (Na tafadhali, majibu ya kaboni, kipimo cha umri wa mkaa huo, yasifike jioni ile ile kwa simu! Huchukua wiki, nayo hutaja kipindi, si mwaka mmoja.)

Kuhusu mbio za mwisho, huhitaji bomu, tumia maji ya bahari. Hutoka kujaa hadi kupwa kwa takriban saa 6, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hupwa mbali sana. Mwizi atakayechelewa ataikuta mashua imekaa kwenye tope la mikoko, naye ana gunia begani na saa kadhaa za kungoja.