Sungura kaachama, neno limefumba

SWALI: Shikamoo Mzee Maiki. Mimi na mwenzangu tumechora katuni ya tangazo la sekunde 30, sungura anauza dawa ya meno. Kuchora tumeshamaliza, sasa tunatafuta sauti. Tumejaribu watu wanne, wote wana sauti nzuri, lakini mdomo wa sungura unakwenda huku na maneno yanakwenda kule. Tumtafute wa tano? Andiko na video tumekuambatishia.

JIBU: Marahaba, wanangu. Wa tano muacheni, maana hata wa kumi atashindwa. Mmeshona kanzu kabla ya kumpima mvaaji. Katika kazi hii sauti hurekodiwa kwanza, mchoraji akaisikiliza kipande kwa kipande, ndipo anajua mdomo ufunguke wapi na ufumbe wapi. Sekunde moja ya katuni kwa kawaida ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Hata mkichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wengi wanavyofanya, sekunde 30 ni michoro 360. Binadamu gani atasoma kwa kufukuzana na midomo yote hiyo, nayo ilichorwa kwa kukisia?

Simameni mbele ya kioo mseme: bora, mpya, bei poa, pata. Mmeona? Kila neno linaanza kwa midomo kugusana. Lugha yetu ya kuuzia imejaa m, b na p, na hapo ndipo katuni inapoumbuka. "A" ikichorwa kama "e" hakuna atakayejua. Lakini masikio yasikie "bora" huku sungura kaachama, hata mtoto atacheka.

Msichore upya yote. Chagueni mmoja kati ya wale wanne, asome kwa mwendo wake bila kutazama picha. Ningemchukua yule wa tatu, mwenye sauti nzito. Najua mlitaka sauti nyembamba ya kubana koo kwa kuwa sungura ni mdogo, ila sauti ya kubana huchosha msikilizaji upesi, na msomaji pia. Msomaji wa sauti Thurl Ravenscroft alimsemea Tony, yule chui milia wa matangazo ya nafaka za Kellogg's, kwa zaidi ya miaka 50, na besi ile ilikuwa yake mwenyewe, haikuwa ya kujikamua. Mkishapata sauti, badilisheni midomo tu. Mwili na masikio yabaki. Anzeni na m, b, p. Pale pasipokaa kabisa, sungura apige mswaki: mdomo uliojaa povu haudaiwi herufi.

Halafu andiko. Lina maneno 92, nimeyahesabu. Nililisoma saa iko mkononi, likanichukua sekunde 41, na pumzi ikanikatikia kwenye "meno meupe". Punguzeni hadi 60.

SWALI: Mzee wangu, nilimsemea kikaragosi kwenye tangazo moja. Limetoka la pili, kikaragosi yuleyule, sauti si yangu ila imeigwa mno, hata mama kanipigia simu kunipongeza. Nina haki gani?

JIBU: Pole sana, binti yangu. Kuna kesi mbili za Marekani ambazo watu wa sauti tunazikumbuka. Mwimbaji Bette Midler alikataa kuimba kwenye tangazo la magari ya Ford, wakamchukua aliyewahi kumwitikia jukwaani wakamwambia amuige. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema huwezi kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana sana ili uuze bidhaa. Mwaka 1992 mwimbaji Tom Waits naye akawashinda Frito-Lay, watengenezaji wa chipsi, kwa hoja hiyohiyo. Lakini hao walijulikana kwa majina yao. Wewe anayejulikana ni kikaragosi, na kikaragosi ni mali ya mteja, yaani kampuni iliyoagiza tangazo. Sheria nazo hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo mpelekee wakili karatasi uliyosaini.

Ya kwangu ilikuwa nusu ukurasa. Nilimsemea kasuku, nikalipwa mara moja, nikaona nimeula. Miaka mitatu baadaye nikapiga simu kwa mteja aliyenilipa kulalamikia bidhaa yake, nikaambiwa na kasuku nisubiri kwenye laini. Nikasubiri dakika tisa nikijisikiliza mwenyewe! Karatasi ilisema "matumizi yote", basi.

Safari ijayo andika: tangazo lipi, bidhaa ipi, redio au televisheni au mtandaoni, na kwa miezi mingapi. Siku hizi ongeza mstari kwamba rekodi zako zisifundishiwe kompyuta kutengeneza sauti yako bila idhini na malipo mapya. Wakikataa kuuandika mstari huo, umeshajua walichokuwa wanapanga.

Na lile tangazo la kwanza, lenye sauti yako halisi, bado linarushwa? Tazama tarehe ya mwisho kwenye mkataba kabla hujampigia mtu yeyote. Huenda unachodai kiko huko.