Boneti ya Beetle inakwama, na nikipaka grisi inazidi: nifanye nini?

SWALI: Fundi habari yako. Mimi ni mwalimu huku Kakamega, niko na Volkswagen Beetle 1300 ya 1966, mzee wangu ndiye aliniachia na kwa kweli naipenda sana. Shida ni boneti ya mbele. Nikivuta nobu pale chini ya dashibodi siku zingine inafunguka siku zingine inakataa kabisa, mpaka mtu aigonge juu na ngumi ndio iachilie. Juzi nimefika petroli stesheni ikakataa na foleni iko nyuma yangu, nikarudi nyumbani bila mafuta. Kuna fundi hapa aliniambia nipake grisi mob, nikapaka, ikakaa poa wiki kidogo alafu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mwingine anataka kutoboa bodi hapo mbele. Nisaidie kabla sijaharibu gari ya mzee.

JIBU: Mwalimu habari ya huko. Kwanza mwambie huyo wa kutoboa angoje, bado hatujafika huko. Na nafurahi umeuliza mapema, juu hii shida kwa Beetle ya miaka hiyo si ya mchezo. Injini iko nyuma na betri iko chini ya kiti cha nyuma, kwa hivyo gari itawaka na kutembea kama kawaida hata boneti ikikwama, lakini hadi modeli za 1967 mdomo wa tangi ya petroli uko ndani ya boneti, ni modeli za 1968 ndio zilitolewa mdomo nje kwa bodi. Hiyo yako ikifunga ikakataa hutii mafuta, hutoi gurudumu la spea, na kibaya zaidi hufikii kopo la oili ya breki kujua imefika wapi, na breki za gari kama hiyo ziko kwa mfumo mmoja tu wa oili, oili ikiisha zimeisha zote nne.

Sasa elewa vile loki yenyewe inafanya kazi alafu utajua mahali pa kuangalia. Kwa boneti kuna pini imezungushwa na springi nzito. Ukifunga, hiyo pini inaingia kwa shimo kwa bodi, na ndani ya hilo shimo kuna kibati kinateleza kando, kina kaspringi kake, kinashika shingo ya pini. Ukivuta nobu, kebo inavuta kile kibati, pini inaachiliwa, ile springi nzito inasukuma boneti juu kidogo, hapo inashikwa na kulabu ya pili ambayo unaifungua na kidole. Basi, hakuna kingine. Kwa hivyo boneti ikikataa ni moja kati ya haya: kibati hakitelezi, ama kebo haivuti kibati mpaka mwisho, ama boneti imejikaza sana juu ya pini mpaka kibati kinashindwa kutoka hata kikivutwa.

Wewe mwenyewe unaweza kujua ni gani bila kufungua nati hata moja. Mwite mtu akusaidie, wewe vuta nobu uishikilie, yeye aweke viganja viwili hapo mbele juu ya loki afinye boneti chini polepole alafu aachilie. Si ngumi! Bati ya hapo mbele ikibonyea kuinyoosha na kupaka rangi itakugharimu kuliko loki mpya. Ikiachilia akifinya, ujue shida ni mkazo ama uchafu kwa kibati. Nobu ikiwa nzito kama imekwama, kebo imeshika kutu ndani ya mfereji wake, yaani kale kabomba inapitia, na kwa mvua ya Kakamega sitashangaa. Nobu ikija laini bila kushika kitu, kebo imechomoka kwa skrubu yake kule kwa loki ama imekatika. Vile umenieleza wewe, kwamba inaachilia ikigongwa na kwamba grisi ilisaidia kwanza alafu ikaharibu, mimi naweka pesa yangu kwa uchafu kwanza na mkazo pili.

Hiyo grisi ndio nataka tuiongelee vizuri kwa sababu naona watu wengi wanaumia hapo. Grisi juu ya grisi mzee haisafishi kitu. Grisi ya miaka mingi imekunywa vumbi na kukauka, imekuwa kama ugali wa jana ulioshika sufuria, ukiweka mpya juu inalainisha ya juu siku kadhaa alafu nayo inakunywa vumbi na sasa uchafu ni mwingi kuliko mwanzo. Huku kwetu Nakuru vumbi letu ni laini sana, linaingia mahali hata hewa unaona haiwezi, na loki nyingi naletewa ati zimekufa kumbe hazijafa, ni kuoshwa tu.

Kwa hivyo siku itafunguka, usiifunge tena mpaka umalize kazi. Narudia, usiifunge. Chukua mafuta taa kidogo na mswaki mkuukuu, sugua ile loki ya chini na ile pini ya juu mpaka uone chuma chenyewe, weka kitambaa chini ndio uchafu usimwagike kwa spea. Petroli usitumie, na usivute sigara wala kuwasha mshumaa kuangalia ndani, tangi iko hapo hapo nyuma ya spea na mfuniko wa zamani mara nyingi unavuja harufu. Ukimaliza pangusa, acha ikauke, alafu sukuma kile kibati na bisibisi uachilie. Kinafaa kurudi chenyewe haraka, tap! Kikirudi polepole bado kuna uchafu ama kaspringi kamechoka. WD-40, ile dawa ya kupuliza, ni nzuri kulegeza kutu na kufukuza maji lakini haikai, ukiishia hapo baada ya muda utarudi pale pale. Ikishakauka ndio unapaka grisi, kiasi cha kuonekana tu, kwa kibati na kwa ncha ya pini.

Kebo nayo, legeza ile skrubu inayoibana kwa loki, kumbuka kuangalia imekaa aje kabla, vuta waya yote itoke kupitia upande wa nobu. Ikiwa ina kutu ama nyuzi zimeanza kukatika usiirudishe, hata kama ni nyuzi mbili tu. Tafuta ya Beetle yenyewe, ukikosa, waya ya klachi ya bodaboda itakusukuma kwa muda, ilimradi upime urefu na ile ya zamani kwanza na uhakikishe inapita kwa mfereji bila kukwaruza. Ipake grisi yote ikiingia. Skrubu ikaze sawasawa, hapo ndio kebo nyingi huteleza.

Halafu jaribu boneti ikiwa wazi. Sukuma kibati na bisibisi uachilie, alafu mtu avute nobu, angalia na macho yako kama kinaondoka njia ya pini kabisa au kinabaki kidogo. Rudia mara kadhaa. Watu wanafunga boneti kwa furaha kabla ya kujaribu hivi ndio wanaishia kutoboa.

Kama kila kitu kinateleza na bado inahitaji kufinywa, sasa angalia mkazo. Uliweka raba mpya kuzunguka boneti? Raba zingine za siku hizi ni nene kuliko ya asili, zinasukuma boneti juu na pini inabana kibati. Hapo rekebisha urefu wa pini: legeza nati yake, pini ina mkato wa bisibisi kwa ncha, izungushe itoke nje kidogo iwe ndefu, nusu mzunguko, kaza nati, jaribu. Ukizidisha boneti itakaa juu na kugongagonga ukitembea. Na ile kulabu ya pili usiiguse na faili hata kama inakusumbua kidole, isafishe tu iwe inashika yenyewe, kwa sababu boneti ya Beetle bawaba ziko upande wa kioo, pini ikiachilia ukiwa barabarani hakuna kitu kingine kinaizuia isiruke ikufunike kioo chote.

Kutoboa ni ya mwisho kabisa, kebo ikiwa imekatika ndani na boneti imefungwa. Hata hapo kama nobu ndio imevunjika na waya bado inaonekana, ishike na koleo la kubana uvute. Ikibidi kutoboa, ni tundu dogo kwa bati ya mbele chini ya loki, la kupitisha bisibisi kusukuma kibati, na fundi apime kwanza kwa Beetle nyingine yenye boneti wazi, asikisie, na ajue kuna tangi ya petroli karibu.

Wewe ukiwa na boneti wazi funga waya nyembamba ya ziada kwa kile kibati, ipitishe mpaka chini ya gari nyuma ya bampa, ukunje mwisho usining'inie. Kebo ikikatika siku moja ukiwa Kisumu ama njiani Webuye, unainama unavuta, boneti inafunguka unaweka mafuta unaenda.