Kiwanja cha Goba na daftari la kamati

SWALI: Shikamoo mzee. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mjane, ana miaka 71, anaishi Segerea. Ana kiwanja Goba alichonunua kwa kiinua mgongo. Sasa kanisani kwake umeletwa mpango: mzee anaandikisha kiwanja kwa kanisa, kanisa linamlipa shilingi 300,000 kila mwezi mpaka atakapofariki. Dalali anasema kiwanja kinafika milioni 60. Wakili ameletwa na kanisa, na anayewapitia wazee majumbani ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nikiuliza, mama anasema napinga kazi ya Mungu. Nifanyeje? (Binti, Segerea)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ujue unaongea na nani. Nilikuwa mtu wa benki mpaka nikastaafu, na ni mzee wa kanisa hadi leo, huku Magomeni. Zamani nami nilikaa kamati ya ujenzi. Tulikuwa na daftari la kaunta lenye jalada gumu: safu ya kwanza jina, ya pili ahadi, ya tatu mali. Siku moja katibu akachukua rula akachora safu ya nne, akaandika "watoto wako wapi". Wale ambao watoto wako nje ya nchi, au hawana kabisa, ndio tuliowatembelea kwanza. Tulibeba mkate na sukari, tukaomba, tukauliza hali ya miguu, halafu ndipo tukataja paa. Hakuna aliyeiba hata senti, na paa lipo mpaka leo. Ila bibi aliyetuchemshia chai alidhani amepata wageni.

Kwa hiyo simwiti mwenyekiti wenu mwizi. Huenda ni mtu mwema kabisa. Tatizo ni kwamba anayemshauri mama ndiye anayepokea kiwanja. Na mpango huu unamnufaisha zaidi mlipaji pale mzee anapofariki mapema: mama akiondoka mwaka wa pili, wametoa milioni 7.2 na kiwanja ni chao. Kampuni ya bima nayo iko hivyohivyo, lakini mtu wa bima haji kukuombea kitandani.

Mambo haya si mageni. Marekani yana umri mrefu. American Bible Society, shirika la kusambaza Biblia, lilianza mipango ya aina hii mwaka 1843. Huko kuna baraza la kupendekeza viwango vya malipo, lililoanzishwa 1927, na hesabu zake hulenga karibu nusu ya mali ibaki kwa taasisi. Mzee anaambiwa wazi kwamba sehemu kubwa ni sadaka, na akishasaini harudi nyuma. Hata hivyo ahadi inasimama juu ya mali ya taasisi yenyewe. Mwaka 1999 Baptist Foundation of Arizona, iliyokuwa ikichukua fedha za waumini kama uwekezaji, ilifilisika ikiwa na fedha za watu wapatao 11,000, wengi wao wazee. Wale waliwekeza, hawakutoa zawadi, lakini kilichowafikisha pale ni kuwaamini watu wa ibada moja. Kwetu benki ikianguka kuna Bodi ya Bima ya Amana. Kamati ya ujenzi ikiishiwa, mama atadai kwa nani?

Hilo mliulize kwa karatasi. Mali ya kanisa huwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Je, bodi ndiyo itakayosaini, au ni mchungaji na mwenyekiti tu? Laki tatu zitatoka mfuko upi? Na TIRA, wasimamizi wa bima, wanaujua mpango huu? Halafu tafuteni wakili wenu, mumlipe wenyewe. Ombeni wiki mbili. Wakianza kusema mwisho ni Jumapili hii, mmeshapata jibu.

Kuhusu mama, usimwambie anaibiwa, utamkosa. Ni mwalimu, mpe kalamu. Milioni 60 ugawe kwa laki tatu: miezi 200, yaani miaka 16 na miezi minane, ndipo arudishiwe thamani ya kiwanja chake mwenyewe. Atakuwa na miaka 87 na ushee. Na laki tatu haipandi hata unga ukipanda. Akimaliza hesabu na bado akasema "natoa", basi ametoa kwa macho mawili, nawe nyamaza, mali ni yake.

Ila mwambie pia kwamba kutoa si lazima kupitie mlango huo. Anaweza kukodisha kiwanja, akala kodi, na kukiandika kanisa kwenye wosia. RITA wanatunza wosia. Na akibadili mawazo wakati wowote angali hai, anaandika mwingine.