Fildi imeisha, umemwambia nani asante?

Madogo wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka huu mmenimaliza. Wiki ya mwisho logibuku zimepangana mezani kwangu, nasaini, nagonga mhuri, jioni nikifungua grupu la WhatsApp naona fulani katoka, fulani katoka, kalamu hata sijaifunika. Sijanuna (nimenuna kidogo). Ila najua mwezi wa tatu mtanitafuta, "shikamoo bosi, unanikumbuka?", ndo maana nawaandikia mapema, hasa nyie wa uhasibu.

1. Referii anaombwa. Usimwandike mtu kwenye sivii halafu apigiwe simu yuko kwenye daladala, anaulizwa habari zako na hajui hata umeomba kazi gani. Mwombe, mtumie sivii mpya, majibu yakitoka mwambie, hata kama umekosa. Hasa ukikosa, maana hapo ndo mtu anaanza kukuangalizia kwingine.

2. Taja alichokufanyia. "Asante kwa kila kitu" haimfikii mtu. Hapa ngoja niseme la kwangu.

Nilipokuwa fildi kulikuwa na mama mmoja, mhasibu msaidizi, hana ofisi, meza yake iko karibu na mlango wa choo. Siku hiyo nimekwama na rekonsilieshoni, kashibuku na steitimenti ya benki vinapishana 2,700, nimetiki tangu mchana mpaka wenzangu wameondoka. Akaja, akavaa miwani, akauliza, "Inagawanyika kwa tisa?" Nikagawa, 300 kamili. "Basi umegeuza tarakimu, usihangaike kutafuta muamala wa 2,700, haupo." Akashusha kidole kwenye safu taratibu mpaka tukaikuta, hundi ya 48,500 mimi nimeandika 45,800. Basi la ofisi lilishaondoka, akarudi kwa kusimama kwenye daladala.

Siku ya kuaga nikanunua keki, nikapiga picha na meneja, nikaweka stetasi yenye aya nzima ya kumshukuru meneja, ambaye kusema ukweli muda wote alikuwa ananiita kwa jina la mwenzangu. Yule mama ndo alikuwa anakata keki. Kwenye picha unauona mkono wake na kisu, basi.

Nikamaliza chuo, nikakaa nyumbani natuma barua mpaka karani wa posta akanizoea. Kumbe mama alishahamia ofisi nyingine, na huko wakamuuliza kama anamjua kijana wa kuanzia. Akamtaja dada mmoja tuliyekuwa naye fildi, ambaye nawaapia, kwenye Excel alikuwa anajumlisha kwa kikokotoo halafu anajaza jibu! Lakini huyo dada alikuwa anamtumia mama vimeseji, "Mama leo ile ya tisa imeniokoa kwenye mtihani", "Mama nimemaliza chuo, niombee". Niliposikia nikampigia mama kwa hasira za kijinga kabisa, jamani mama, mimi hukunikumbuka? Hakukasirika, na hilo ndo liliniuma. Akasema, "Nilikukumbuka mwanangu, ila sikujua hata kama ulimaliza. Na namba yako haikupatikana." Ni kweli nilibadilisha laini, namba mpya nikawatumia wale niliowaona wa maana. Nikakosa la kusema, nikamwamkia shikamoo mara ya pili kama chizi, nikakata simu.

3. Usichanganye asante na ombi. "Asante sana bosi, vipi nafasi hakuna?" Hiyo ni ankara. Shukuru leo, omba siku nyingine.

4. Mnaopenda utafiti: Adam Grant na Francesca Gino walichapisha wa kwao mwaka 2010. Watu walimsaidia mwanafunzi kurekebisha barua ya kuombea kazi, halafu akawaomba tena. Waliojibiwa tu kwamba maoni yamepokelewa, 32% walisaidia tena, walioshukuriwa 66%. Jaribio la pili ndo lilinishangaza zaidi, safari hii anayeomba ni mtu mwingine kabisa, na bado ilikuwa 25% kwa 55%. Yaani ukiondoka kimyakimya unamharibia mpaka dogo wa mwakani ambaye hata humjui. Mimi mwenyewe saa hizi nikisikia neno fildi nataka kuomba likizo.

5. Serikalini msidanganyane. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira una mtihani wa mchujo, asante yako haiongezi hata maksi moja, na usithubutu kumtafuta mtu wa paneli na kuku au bahasha, hapo umeshaingia kwenye rushwa. Asante inafanya kazi mapema zaidi, ni nani atakushtua kwamba tangazo limetoka Ajira Portal, nani atakwambia dogo vyeti vyako havina mhuri wa wakili na dedilaini ni kesho. Na CPA, ile mitihani ya uhasibu, msome, jamani, mtu akikutaja halafu huna sifa unamtia aibu.

6. Masijala. Kabla hamjaondoka nendeni mkaage masijala, mtaje na alichowafanyia dada wa hapo masijala, maana mtarudi kuomba barua ya kuthibitisha mlifanya fildi hapa, na faili lenu lilipo anajua yeye peke yake.