Kabla ya grafu, soma saa

Wadogo zangu mnaoanza kuandaa takwimu za ajali za kila mwezi hapa Tanga, msikimbilie grafu. Kaeni kwanza na fomu zenyewe, na muanze kuangalia saa.

Sisi tunahesabu saa tangu kunapokucha, kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane. Shahidi akisema ajali ilitokea saa 1 na nusu usiku, ni 19:30 hiyo, giza limeshaingia na watu bado wamejaa barabarani. Anayeingiza data akiandika 1:30, ajali imehamia saa 7 na nusu usiku. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandaa ripoti nzima namna hiyo. Grafu ikatoa mlima mrefu wa saa 7 hadi saa 8 usiku, na kikaoni tukaanza kupanga doria za usiku wa manane. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya trafiki miaka mingi akaomba fomu moja, akasoma maelezo kwa sauti: mtoto alikuwa anavuka kutoka dukani, ametumwa mafuta ya taa. Akauliza, mtoto gani anatumwa dukani saa 7 usiku? Nilirudia fomu zote, moja moja. Iliniuma sana, maana askari wangewekwa barabarani wakati watoto wote wameshalala.

Siku nayo ina mtego wake. "Usiku wa kuamkia Jumapili" ukiwa saa 5, kwa kompyuta bado ni Jumamosi; ukiwa saa 8, ni Jumapili.

Vifo msivifunge mapema. Kipimo kinachotumika kimataifa humhesabu kuwa kifo cha ajali majeruhi anayefariki ndani ya siku 30 tangu ajali. Kumbukeni ajali ya Korogwe ya Februari 2023, Coaster iliyokuwa na wafiwa wanaosafirisha mwili kwenda Rombo ilipogongana na Fuso: mwanzoni walitangazwa 17, kisha idadi ikapanda majeruhi walipozidi kufariki. Kwa hiyo kila mwezi mpya, fungueni tena jedwali la mwezi uliopita na mpige simu hospitali.

Desemba ilinganisheni na Desemba ya mwaka jana, si na Novemba. Mwisho wa mwaka barabara ya Segera, Korogwe hadi Mombo hufurika magari ya watu wanaokwenda kwao Kilimanjaro na Arusha. Na vifo vikitoka 2 kufika 3, semeni kimeongezeka kimoja. Asilimia 50 itawatisha watu bure.

Mkifika kikaoni, aliye mbele yenu anataka kujua askari asimame wapi na saa ngapi. Jina la wilaya peke yake halimsaidii, Muheza ni kubwa. Mpeni kipande cha barabara, na saa iandikeni kwa namna zote mbili: saa 1 hadi saa 2 usiku, yaani 19:00 hadi 20:00.