Kuandaa na Kutoa Hotuba ya Kuarifu: Ushauri kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi anayeingia chuoni hukutana mapema, mara nyingi katika somo la stadi za mawasiliano, na agizo linaloonekana jepesi: chagua mada, andaa hotuba ya kuarifu ya dakika 7, kisha uitoe mbele ya wenzako. Kwa kuwa nimekaa kwa miaka mingi upande wa wanaosikiliza na kutoa alama, ningependa kuwaeleza ninyi mnaoanza ni nini huitofautisha hotuba inayomwachia msikilizaji ujuzi mpya na ile anayoitoka akikumbuka tu kwamba kuna mtu alisimama akasoma karatasi. Karibu yote nitakayoyasema yanatokana na jambo moja, nalo ni kwamba hotuba hupokelewa kwa sikio, na msikilizaji hana namna ya kufungua ukurasa wa nyuma kutafuta kilichompita. Msomaji akipotea hurudia aya hadi aelewe. Msikilizaji akipotea katika dakika ya pili, dakika tano zilizobaki anakutazama tu.

Wengi wenu mmetoka katika shule zenye mdahalo, na mdahalo umewafanyia mema makubwa, kwa maana umewaondolea woga wa kusimama mbele ya watu. Hata hivyo umewazoesha pia kuchukua upande, na hotuba ya kuarifu haina upande wa kutetea. Njia rahisi ya kujipima ni kujiuliza kama msikilizaji aliyekuelewa vizuri anaweza bado kusema, "Sikubaliani nawe." Kama anaweza, basi umeandaa hotuba ya kushawishi, hata kama umeijaza takwimu. Mwanafunzi anayeeleza jinsi mbu jike wa anofelesi anavyopokea na kupitisha vimelea vya malaria anaarifu. Anayesema kwamba serikali itenge fedha zaidi kupambana na malaria ameshahama. Hakuna ubaya katika la pili, ila si agizo ulilopewa, na mara nyingi wanafunzi huhamia huko katika dakika ya mwisho bila kujitambua, wakianza kuwahimiza wasikilizaji wafanye hili na waache lile.

Kazi kubwa zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda, ni kuipunguza mada. Mada kama "Bahari ya Hindi" au "Historia ya biashara ya pwani" haiwezi kuelezwa kwa dakika 7 na mtu yeyote, awe profesa au mwanafunzi. Tuchukue mfano wa pepo za msimu, kaskazi na kusi, ambao nimewahi kuusikia ukielezwa vibaya sana na pia vizuri sana. Hata "pepo za msimu" bado ni mada pana. Lakini ukijilazimisha kuiandika kama swali moja, ikawa, "Kwa nini majahazi kutoka Arabuni na magharibi mwa India yalifika pwani yetu katika msimu mmoja na kurudi kwao katika msimu mwingine?", papo hapo unajua nini kinaingia na nini kinabaki nje. Mtu aliyesoma kwa bidii atakuwa amekusanya habari za Ibn Battuta kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, za ujenzi wa majahazi, za karafuu za Unguja na Pemba, za bei ya pembe za ndovu. Yote hayo ni ya kweli na yanavutia, lakini hayajibu swali lile, kwa hiyo yaondoke. Najua inavyouma kufuta ukurasa uliousotea maktaba. Hata hivyo, kila habari isiyojibu swali humfanya msikilizaji ajiulize inahusiana vipi na yaliyotangulia, na wakati akijiuliza hasikii unachosema. Andikeni swali lenu juu ya karatasi kabla ya kuandika neno jingine lolote, na kila aya mnayoiongeza isomeni mkilitazama swali hilo.

Baada ya swali huja mpangilio wa maelezo. Jambo lenye sababu na matokeo lipangwe kwa hatua, na hatua ya kwanza iwe kitu ambacho msikilizaji anakijua kwa mwili wake. Katika mfano wetu, wengi huanza na sayari, mhimili na jua la utosi, wakawapoteza watu kabla ya kufika baharini. Mwanafunzi aliyeeleza vizuri alianza na ufuko: mchana wa jua kali mchanga huunguza nyayo ilhali maji ya bahari yamepoa, na usiku mchanga hupoa upesi ilhali maji yangali na uvuguvugu. Kila aliyewahi kutembea pwani analijua hilo. Kutoka hapo aliingia hatua ya pili, kwamba nchi kavu ya Asia nayo hupata joto haraka na kupoa haraka kuliko Bahari ya Hindi; kisha ya tatu, kwamba kuanzia takriban Juni hadi Agosti hewa iliyo juu ya Asia hupata joto na kupanda, mgandamizo wake ukapungua, na hewa ya upande wa kusini ikavutwa kuelekea huko, ndiyo kusi; na ya nne, kwamba takriban Desemba hadi Februari mambo hugeuka, Asia ikawa baridi na hewa ikatiririka kuja huku, ndiyo kaskazi. Hatua nne, zinazofuatana bila kuruka hata moja. Kuna mambo mengine ya kisayansi, kwa mfano jinsi mzunguko wa dunia unavyopindisha mwelekeo wa pepo hizi, na mwanafunzi yule aliyagusa kwa sentensi moja tu akaendelea, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa uamuzi wa busara.

Tarakimu zitumieni kwa uangalifu, kwa sababu sikio hushika tarakimu chache mno. Usimpe msikilizaji namba ambayo hujamwambia ailinganishe na nini. Kwa mfano, mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama, baharia Mreno, aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyempata hapo, na kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa unaanza kushika, alifika pwani ya India kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Alipoanza kurudi mwezi Oktoba mwaka huohuo, kabla kaskazi haijatulia, alikutana na shwari na pepo za mbisho, yaani zinazovuma kutoka mbele, akatumia karibu miezi 3 kuifikia tena pwani ya Afrika, na mabaharia wake wengi walikufa njiani. Hapo msikilizaji amepewa namba mbili tu, lakini bahari ni ileile, vyombo ni vilevile, na tofauti kati ya namba hizo ndiyo jibu la swali zima. Ukiongeza idadi ya merikebu, tani zake na umbali wa safari, namba mbili zilizo muhimu zitazama kati ya nyingine.

Chanzo cha habari kitajwe kwa mdomo, wala kisiachwe mwishoni mwa slaidi ambayo hakuna atakayeisoma. Sema, "Kwa mujibu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania," kisha utoe habari yenyewe. Ikiwa umezungumza na nahodha mzee aliyeendesha jahazi kati ya Lamu na Zanzibar, usiseme tu kwamba wazee wanasema; eleza kwamba huyo ni nahodha, na kwamba anayoyasema ameyaona akiwa kazini. Msikilizaji ana haki ya kujua kwa nini akuamini. Nahodha wa namna hiyo anaweza kukupa jambo ambalo hutalikuta katika kitabu cha jiografia, kwa mfano jinsi mabaharia wanavyoutambua wakati wa maleleji, pale msimu mmoja unapokwisha na mwingine haujashika, upepo ukawa hauna mwelekeo wa kutegemewa.

Kuhusu istilahi nitasema machache. Jambo lilelile mtalikuta likiitwa mgandamizo wa hewa katika utabiri wa hali ya hewa, na kanieneo katika vitabu vya fizikia. Chagua moja, lifafanue mara ya kwanza unapolitaja, na usilibadilishe hadi mwisho. Katika insha tumefundishwa kuepuka kurudiarudia neno moja, lakini anayesikiliza akisikia neno jipya hudhani kuna kitu kipya.

Mwanzo wa hotuba ndipo muda mwingi hupotea. Tumezoea kuwataja waheshimiwa wote kwa vyeo vyao, kushukuru kwa kupewa nafasi, kuomba radhi kwa kutokuwa tayari, na hatimaye kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Heshima ni jambo jema na mimi si mtu wa kuibeza, ila katika dakika 7 salamu moja kwa mwalimu na wenzako inatosha, na kuomba radhi kabla hujakosea huwapa watu sababu ya kuanza kutafuta makosa. Baada ya salamu, ingia moja kwa moja katika swali lako, kisha uwaambie wasikilizaji utawapitisha wapi. Taarifa ya habari ya redio inatufundisha hili kila siku: huanza na muhtasari, hufuata habari kwa kirefu, na mwishoni muhtasari hurudiwa, kwa sababu msikilizaji wa redio hana maandishi mbele yake. Nanyi fanyeni vivyo. Mkimaliza hatua moja, semeni wazi kwamba imekwisha na inayofuata ni ipi: "Hiyo ndiyo sababu ya kusi. Sasa tuone kwa nini upepo hugeuka." Sentensi kama hizo, zinazoonekana za ziada kwenye karatasi, ndizo zinazomrudisha aliyekuwa amepotea.

Andika kwa mdomo kabla ya kuandika kwa kalamu. Maana yangu ni kwamba umweleze rafiki yako jambo lile bila karatasi, usikilize ni maneno gani uliyatumia, kisha uyaandike hayohayo na kuyasafisha. Ukianza na kalamu utaandika kama kitabu, kwa sentensi zenye virai vitatu kabla ya kitenzi, na ukizisoma kwa sauti pumzi itakwisha kabla ya nukta. Kwa dakika 7, tegemea takriban maneno 700 ya Kiswahili, pungufu kidogo kama wewe ni mtu wa kusema polepole. Anayekuja na maneno 1,200 atalazimika kukimbia, na hotuba inayokimbizwa haieleweki hata kama kila neno lake ni sahihi.

Hotuba ikishaandikwa kamili, usiende nayo mbele ya darasa ikiwa kamili. Igeuze kuwa vidokezo kwenye vikaratasi vigumu vidogo: swali, hatua nne, tarakimu mbili, majina ya vyanzo. Hifadhi kichwani sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Sentensi ya kwanza hukuvusha katika sekunde zile ambazo moyo unakwenda mbio, na ya mwisho hukuepusha na ile hali ya kutafuta pa kuishia kwa kusema, "Ni hayo tu niliyokuwa nayo." Anayekariri hotuba nzima hujiweka katika hatari, kwani neno moja likimtoka, yote yaliyofuata huondoka nalo.

Zoezi lifanywe ukiwa umesimama, kwa sauti ileile utakayoitumia, huku simu ikirekodi na saa ikihesabu. Kusoma kimyakimya kitandani si zoezi. Ukijisikiliza utagundua mahali unapojaza pengo kwa "yaani" na "kwa hiyo basi". Usijilaumu, badala yake jifunze kunyamaza mahali hapo kwa sekunde moja au mbili. Mbele ya darasa kimya hicho huonekana kirefu kwa msemaji, lakini kwa msikilizaji ndio muda wa kuimeza hatua iliyopita kabla ya nyingine kuja. Watazame watu wa safu ya nyuma, kwa kuwa sauti hufuata macho, na ukizungumza na walio mbele tu walio nyuma hawatakusikia.

Slaidi ni msaada, si hotuba. Ramani moja ya Bahari ya Hindi yenye mishale ya kusi na kaskazi itakufaa kuliko slaidi kumi zenye aya ndefu, kwa sababu watu hawawezi kusoma na kusikiliza kwa wakati mmoja, na wakilazimika kuchagua watasoma. Na kwa kuwa umeme hukatika na projekta hukataa kuwaka, jiandae kuichora ramani hiyo ubaoni kwa mistari michache.

Mwishoni, lijibu swali lako kwa sentensi moja au mbili, ushukuru, usimame pale pale kusubiri maswali. Swali likiulizwa, lirudie kwa sauti ili wote walisikie, na hapo pia utapata muda wa kufikiri. Ukiulizwa usilolijua, sema hivyo waziwazi, ueleze ungelitafuta wapi, na baada ya kipindi umfuate aliyeuliza umpelekee jibu.